Gatsby hakumpenda Daisy kama mnavyodhani

Kila ninapoanza kufundisha riwaya ya The Great Gatsby, kabla hata hatujafungua ukurasa wa kwanza, hakosi mwanafunzi wa kuniambia: "Mwalimu, hiki nakijua, ni kile cha jamaa aliyependa mpaka akafa." Mmoja ameona filamu, mwingine amesoma muhtasari. Nimechoka kulisikia.

Kisa chenyewe, kweli, kinashawishi. Jay Gatsby, afisa kijana wa jeshi asiye na senti, anampata Daisy, binti wa matajiri wa Louisville, mwaka 1917. Anapelekwa vitani Ulaya, na mwaka 1919 Daisy anaolewa na Tom Buchanan, aliyemzawadia mkufu wa lulu wa dola 350,000. Gatsby anatajirika kwa pombe ya magendo, ananunua jumba Long Island, ng'ambo ya ghuba, likitazamana na nyumba ya Daisy, kisha anaandaa sherehe juu ya sherehe akitumaini kwamba usiku mmoja bibie atatokea. Wengi huishia hapo wakifuta machozi.

Hebu someni sura ya 8. Mwandishi, F. Scott Fitzgerald, anataja bila kuficha kilichomvutia Gatsby: nyumba nzuri ambayo hajapata kuingia mfano wake, na habari kwamba wanaume wengi walikwisha kumpenda Daisy. Hilo la pili lilimwongezea binti huyo thamani machoni pake. Naye Gatsby alimwacha aamini kwamba wametoka tabaka moja, akijua fika ni uongo. Rudini sura ya 7: ni Gatsby mwenyewe anayesema sauti ya Daisy imejaa pesa.

Katika sura hiyohiyo ya 7 analetwa mtoto wa Daisy, kasichana kadogo kalikovalishwa vizuri ili kaonyeshwe kwa wageni. Gatsby anainama, anakashika mkono, halafu anabaki anakatazama kwa mshangao. Nick, msimulizi, anahisi kwamba Gatsby hakuwahi kuamini kweli kuwa mtoto huyo yupo. Hapa huwa namwomba mwanafunzi asome kwa sauti, polepole. Huyu mtu amemwaza mwanamke kwa miaka 5, na mtoto aliyezaliwa na mwanamke huyo hana nafasi kichwani mwake! Alichokuwa anakipenda ni Daisy wa 1917, aliyegandishwa palepale, asiyeolewa wala kuzaa.

Ndiyo maana siku ile ya joto kali, katika chumba cha Plaza Hotel mjini New York, hatosheki Daisy anapomwambia kwamba anampenda sasa. Anamtaka amwambie Tom kwamba hakuwahi kumpenda hata siku moja. Daisy anajaribu, anashindwa, anakiri huku akilia kwamba aliwahi kumpenda Tom, na kwamba alimpenda Gatsby pia. Kwangu hiyo ndiyo kauli ya kweli kuliko zote chumbani humo, na Gatsby hawezi kuimeza. Simtetei Daisy. Ndiye aliyekuwa anaendesha gari lililomuua Myrtle Wilson, hawara wa Tom, akaacha lawama zimwangukie Gatsby, na kwenye mazishi ya Gatsby hakutuma hata ua. Lakini ubaya wake haumgeuzi Gatsby kuwa mpenzi wa mfano. Nick alikwisha kuliona hilo mapema, sura ya 5: Daisy lazima alishindwa kuifikia ndoto ya Gatsby, na wala si kwa kosa lake.

Dhana nyingine hazinisumbui sana. Kwamba Nick ni shahidi asiye na upande: si kweli. Ni binamu wa Daisy, ndiye aliyeandaa ile chai ya kumkutanisha Daisy na Gatsby tena, na aliijua siri ya nani alikuwa kwenye usukani akanyamaza, hata mbele ya Tom. Kwamba Gatsby alihitimu Oxford: alikaa miezi 5 tu, kwa mpango uliowekwa kwa maofisa baada ya vita.

Kwamba Fitzgerald alikuwa Gatsby mwenyewe: wamefanana kidogo. Fitzgerald alizaliwa St. Paul, Minnesota, mwaka 1896, akampenda Zelda Sayre akiwa mwanajeshi Alabama, na wakaoana 1920 baada ya riwaya yake ya kwanza kutoka. Ila yeye ni Nick pia, anayehudhuria sherehe huku akizipima. Na kwamba kitabu kilimtajirisha: kilipotoka Aprili 1925 mauzo yalimvunja moyo, na alipofariki Hollywood mwaka 1940, akiwa na miaka 44, nakala za chapa ya pili zilikuwa bado hazijaisha. Ni wakati wa Vita Kuu ya Pili ambapo nakala zipatazo 155,000 ziligawiwa wanajeshi wa Marekani, na jina lake likaanza kufufuka.

Tangu Januari 2021 hakimiliki ya riwaya hii imekwisha Marekani, kwa hiyo inapatikana bure mtandaoni kihalali. Muhtasari wa nini tena? Chukueni penseli, msome sura ya 5 na ya 7 mara mbili, mkipiga mstari kila mahali Daisy anapozungumza mwenyewe. Kisha hesabuni ni mara ngapi Gatsby anamuuliza yeye anataka nini.