Je, wajua kwa nini kamera ya mkanda wa 120, yaani filamu pana, huandamana na flashi kubwa?

Ukikutana na mpigapicha mwenye Hasselblad au Mamiya RB67, ubavuni mwa kamera huenda ukaona flashi nene yenye mpini, kama Metz 45 au 60. Wengi hudhani filamu pana hunywa mwanga mwingi zaidi. Sivyo. Mwanga unaohitajika kwa kitundu cha lenzi cha f/8 (namba ikikua, kitundu hupungua) ni uleule, filamu iwe ya milimita 35 au ya 120, mradi ISO, yaani wepesi wa filamu kunasa mwanga, ni moja. Kinachodai nguvu ni kina cha fokasi, yaani eneo la mbele hadi nyuma linalotoka wazi.

Lenzi ya kawaida ya kamera ya milimita 35 ina urefu wa fokasi wa milimita 50. Ya 6x6, yaani kamera ya mkanda wa 120 yenye picha ya sentimita 6 kwa 6, ina 80, na kadiri lenzi inavyorefuka ndivyo kina hicho kinavyokuwa chembamba. Chukua picha ya pamoja harusini usiku: wazee wameketi mbele, vijana wamesimama nyuma, nawe uko mita 5. Kwa milimita 35, f/5.6 yatosha. Kwa 6x6 inabidi ufunge kitundu cha lenzi hadi karibu f/11 ili bibi aliyeketi mbele na kijana wa safu ya mwisho watoke wazi sawasawa. Hapo mwanga unaopita umebaki robo.

Sasa piga hesabu. Kila flashi ina namba elekezi, kipimo cha nguvu yake. Igawanye kwa umbali kutoka flashi hadi kwa watu, upate kitundu. Flashi ya 28 kwa mita 5 inakupa f/5.6. Ukitaka f/11 unahitaji 55. Hapa ndipo watu hupotea: huona 55 ni mara mbili ya 28, wakafunga flashi mbili ndogo pamoja. Mbili hufikia 40 tu, zinatakiwa nne! Unaponunua, hakikisha namba hiyo imepimwa kwa ISO 100 na kwa mita, maana ya futi huonekana kubwa bure.

Juani mambo hubadilika, na shata, mlango unaofunguka kupitisha mwanga, ndiyo huamua. Hasselblad 500C ya mwaka 1957 ina shata ndani ya lenzi, hivyo flashi hufanya kazi hata kwa kasi ya 1/500 ya sekunde. Kwa filamu ya ISO 100 chini ya jua kali, kasi hiyo hudai f/8, na kuondoa kivuli usoni kwa mita 3 flashi ya 24 inatosha kabisa. Pentax 6x7 ina shata ya pazia, kasi yake ya mwisho na flashi ni 1/30, na juani hiyo hudai f/32. Mita zilezile 3 sasa zinataka 96! Kwa kazi za nje mimi ningechagua shata ya lenzi kabla hata ya kuwaza flashi.

Na kwenye lenzi za zamani, angalia kiswichi chenye herufi M na X. X ni ya flashi ya umeme. M ilikuwa ya balbu za flashi za kuungua, ambazo huchelewa kufikia mwanga wake kamili. Flashi ya umeme ikiwekwa M humweka na kuzimika kabla shata haijafunguka. Niliwahi kupoteza mkanda mzima hivyo, picha 12 za ukumbini. Negativu zilitoka tupu, angavu kama kioo cha dirisha. Siku hizi kabla ya kazi huondoa mgongo wa kamera, naelekeza lenzi kwenye ukuta mweupe, nachungulia kwa nyuma na kupiga. Nikiona duara zima limewaka, naweka mkanda.