Ukija Maingilio ya Ruvuma, ratiba ni ya maji

Tangu Siku ya Ardhioevu Duniani, Februari 2, sisi wa hifadhi tumepata wageni wengi kuliko tulivyozoea katika mikoko ya Maingilio ya Mto Ruvuma, pale mto unapoingia baharini mkoani Mtwara. Malalamiko nayo hayakubaki nyuma: "tulifika tukaambiwa tusubiri", "tulitozwa fedha na geti hatukuliona", "tulinyimwa boti na boti tunaiona pale". Baadhi ni ya haki na tunayashughulikia. Mengine yanatokana na mgeni kuja kwenye tope akiwa na picha ya Serengeti kichwani.

Tuanze na hilo geti. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Na. 29 ya 1994. Ina takriban kilomita za mraba 650, kutoka upande wa Ras Msangamkuu hadi mpakani na Msumbiji, na ndani yake kuna vijiji, misikiti, shule, minazi na mikorosho. Eneo wanamoishi watu halizungushiwi uzio. Kwa hiyo kukosekana kwa geti hakumaanishi kuwa kuingia ni bure, na naomba tusirudie tena mjadala huu barazani.

Malipo hayapokelewi mkononi. Unatoa taarifa zako, unatengenezewa ankara yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu au benki, kisha unapewa stakabadhi. Angalia jina lililoandikwa, idadi ya watu, na kundi ulilowekwa: raia, mkazi, au mgeni asiye mkazi, kwa kuwa viwango havifanani. Mtu akikuomba umtumie fedha kwenye namba yake binafsi "ili mambo yaende haraka", usitume, hata kama amevaa sare. Muulize jina, andika muda, toa taarifa. Stakabadhi utembee nayo. Picha iliyo kwenye simu inakubalika, ila simu iwe na chaji.

Sasa kusubiri. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mkondo uliopita saa tatu asubuhi kwa boti, mchana ni tope la kukufika mapajani. Nahodha akikataa kuondoka saa nne, hana kiburi. Anajua mtakwama.

Mwaka jana nilikuta gari dogo limezama hadi kwenye ekseli pembeni ya mikoko. Dereva aliona alama za matairi akazifuata. Hakujiuliza zilichorwa saa ngapi. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa ngalawa yake akishona wavu. Yule dereva akamwuliza, "Babu, maji yanarudi saa ngapi?" Mzee hakuinua macho. "Yameshaanza, mwanangu. Tazama kaa." Kweli, wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa, waliokuwa wametapakaa topeni kama shanga zilizomwagika, walikuwa wanaingia mashimoni mmoja baada ya mwingine. Gari lilitolewa kwa kamba na vijana kumi na wawili, na maji yalikuwa yamefika kwenye milango.

Kuhusu harufu. Kwa kuwa gesi asilia iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, kila mgeni anayesikia harufu ya yai viza ndani ya mikoko huamini bomba limepasuka. Ukiwa karibu na mitambo au bomba, toa taarifa mara moja. Ukiwa katikati ya mikoko, hayo ni majani yanaoza kwenye tope lisilo na hewa. Ndiyo maana mchu, aina mojawapo ya mikoko, huchomoza mizizi yake juu kama vidole: inavutia mti hewa. Ukiikanyaga na kuivunja ili upige picha nzuri, umeuziba mti pua.

Kiboko hana mzaha. Jioni hutoka mtoni kwenda kula majani, na hurudi kabla jua halijapanda. Hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji. Kwa hiyo hatumruhusu mtu kutembea ukingoni alfajiri bila kiongozi, na hapa hatujadiliani. Mamba yeye hungoja mtu anayenawa miguu.

Usiokote kitu. Jino la kiboko ulilolikuta topeni ni nyara ya serikali, sawa na lililong'olewa. "Nimeliokota" haikusaidii, unatakiwa kutoa taarifa na kulikabidhi. Ukikutwa nalo, hati ya ukamataji inajazwa ikitaja kitu, mahali na muda, nawe na shahidi mnatia saini. Soma kabla ya kusaini. Makosa madogo yanaweza kufifilishwa: unakiri kwa maandishi, unalipa kwa namba ya kumbukumbu, suala linaisha. Hulazimishwi kukiri, ukikataa, jalada linakwenda mahakamani. Kesi za nyara ni habari nyingine. Mara nyingi hufunguliwa kama uhujumu uchumi, na watu wamefungwa miaka 20. Mayai na magamba ya kasa nayo tuyaache yalipo. Boriti za mikoko vilevile, kwani mikoko ni msitu wa hifadhi, na mwenye mamlaka juu ya ukataji ni Wakala wa Huduma za Misitu. Ndiyo, ofisi mbili kwa mti mmoja. Nimeulizwa mara nyingi.

Ndege nyuki (droni) hazirushwi bila kibali, na mto wenyewe ndio mpaka. Wanaokuja kuangalia ndege wa kweli waje kati ya Oktoba na Aprili, wakati ndege wahamao kutoka kaskazini ya dunia wapo, na wafike maji yakiwa yanakupwa, ndipo sululu na yangeyange hushuka kula.

Na viatu viwe vya kufunga kamba. Ndala tulizozifukua chini ya mikoko zimejaa gunia zima ofisini, na hakuna jozi hata moja iliyotimia.