Kompresa iliyokarabatiwa si kompresa iliyopakwa rangi

Siku hizi huku Malindi kila kompresa (mashine ya kubana hewa) iliyotumika inauzwa kwa jina la "iliyokarabatiwa". Imeshushwa juzi, ikafutwa vumbi, ikapulizwa rangi nyekundu, basi imeshapata cheo hicho. Linaniudhi jambo hili, maana wanaonunua ni mafundi wa makabati na wapuliza rangi wanaofanyia kazi nyumbani, na pesa zao ni za kudunduliza.

Maana yenyewe ni fupi. Kompresa iliyokarabatiwa ni ile iliyotumika, ikafunguliwa, vilivyochakaa vikabadilishwa, kisha ikapimwa kabla ya kuuzwa. Isiyofunguliwa ni mtumba. Mtumba hauna ubaya, una bei yake. Ubaya ni kuutoza bei ya ukarabati.

Vya kubadilishwa vingi viko kwenye pampu: ringi za pistoni, vali, gasketi, chujio la hewa na oili. Kama kazi ilifanyika, saa itakwambia. Tangi la lita 50 kulijaza hadi bar 8 (bar ni kipimo cha presha) kwataka hewa ya lita 400 hivi, kwa hiyo pampu inayotoa kweli lita 100 kwa dakika itamaliza kwa dakika 4. Ikikokota mpaka dakika 8, hewa inavuja kwenye ringi au vali, hata rangi ing'ae vipi. (Ile namba iliyoandikwa ubavuni mara nyingi ni hewa inayovutwa, si inayotoka. Muulize muuzaji inayotoka.)

Tangi ndilo linalosahaulika, na ndilo la kuogopwa. Hewa ikibanwa kisha ikapoa, unyevu wake hugeuka maji, na hewa yetu ya pwani haikosi unyevu. Maji yanatuama chini ya tangi na kutu inakula chuma kutoka ndani, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki. Jirani yangu, fundi wa makabati, alifungua koki ya chini ya kompresa yake "iliyokarabatiwa" siku aliyoifikisha nyumbani. Yakatoka maji ya rangi ya chai ya rangi, na chembe za kutu zikabaki kiganjani. Aliyemuuzia hakuwahi kuigusa koki ile.

Tangi hupimwa kwa maji, halipimwi kwa hewa. Linajazwa maji pomoni, kisha linasukumwa kupita presha yake ya kazi, aghalabu mara moja na nusu: la bar 8 hufikishwa 12. Maji hayabaniki, kwa hiyo chuma kikishindwa, hupasuka ufa na maji yakachuruzika. Hewa iliyobanwa ikipata ufa huo huo hutanuka ghafla, na vipande vya chuma vikaruka. Ndiyo maana tangi lililochomelewa kiraka silihesabu kuwa limekarabatiwa. Ni la kutupwa, hata kama pampu yake ni nzima.

Kwa hiyo, ndugu muuzaji, ukiwa umebadilisha mkanda na kupaka rangi tu, sema hivyo hivyo: "Huu ni mtumba, nimebadilisha mkanda, tangi sijalipima." Mnunuzi atajua aanzie wapi, na bei mtaelewana.