Kudahiliwa chuo si kupata mkopo

Wahitimu wengi wa kidato cha sita nchini Tanzania huamini kwamba jina likishatoka kwenye orodha ya udahili wa chuo, mkopo utafuata wenyewe. Haufuati. Udahili huombwa chuoni. Mkopo huombwa Bodi ya Mikopo (HESLB), mtandaoni, katika dirisha lenye tarehe yake ya kufungwa. Maombi hayo mawili huunganishwa na namba ya mtihani wa kidato cha nne. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, basi atumie ileile kote.

Kinachochelewesha sana ni cheti cha kuzaliwa. Lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo Tanzania Bara, au ZCSRA, wakala wa kazi hiyo Zanzibar, kwa waliozaliwa huko. Nakala tupu haitoshi. Yatima huhakiki pia cheti cha kifo cha mzazi. Tunasisitiza: kazi hii ianze mwanafunzi akiwa bado shuleni, hasa kama jina la cheti na la shule yanapishana hata herufi moja. Fomu huchapishwa, husainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au hakimu, kisha hupakiwa mfumoni. Ukurasa mmoja ukikosa saini au muhuri, maombi hayajakamilika, hata mwombaji awe mhitaji kiasi gani.