Kwa nini jiwe hung'aa likipashwa moto, na kwa nini halirudii

Zima taa, ngoja macho yazoee giza kwa dakika kumi, kisha dondosha chembe za fluoraiti, madini ya kalsiamu na florini, kwenye bamba la chuma lenye moto. Nyingi zitang'aa, hizi kijani, zile samawati au zambarau, halafu zitafifia na kuzimika. Bamba lenyewe bado jeusi, kwa sababu chuma hakionyeshi wekundu mpaka kikaribie nyuzi 500 za Selsiasi au kuzipita. Fluoraiti haingoji kufika huko. Ipo aina yake iitwayo klorofani, ambayo baadhi ya vipande hung'aa kwa joto la kiganja tu.

Ni madini yaleyale yaliyochimbwa miaka mingi Kimwarer, katika Bonde la Kerio nchini Kenya, kwa ajili ya viwanda vya chuma na kemikali. Si kila kipande hung'aa sawa.

Mwanga huo ulikuwemo ndani ya jiwe kama akiba. Miamba ina urani, thori na potasiamu, japo kidogo, na mionzi yake hupiga madini ya jirani kwa maelfu na mamilioni ya miaka. Pigo moja laweza kung'oa elektroni mahali pake. Nyingi hurudi papo hapo, lakini chache hunaswa kwenye kasoro za fuwele: pale atomu ilipokosekana, au pale elementi ngeni kama itriamu ilipokalia nafasi ya kalsiamu. Hukaa humo kama samaki ndani ya dema, kuingia kwepesi, kutoka kazi. Joto huitikisa fuwele mpaka elektroni zichomoke, na zikitulia huiachia nishati yake kama mwanga. Mitego yenye kina kifupi hufunguka mapema. Yenye kina kirefu hungoja hata nyuzi 300.

Pasha kipande kilekile mara ya pili, hutaona kitu. Dema limekwisha kumwagwa. Litajaa tena kwa mionzi tu, iwe ya ardhini kwa muda mrefu mno, au ya mashine ya eksirei kwa muda mfupi. Beji wanazovaa baadhi ya wahudumu wa eksirei hufanya kazi hivyo: ndani mna fluoridi ya lithi, maabara huipasha, na wingi wa mwanga huonyesha mionzi aliyopata mvaaji. Wanaakiolojia nao hupima vigae vya vyungu hivyohivyo ili kujua umri wake, kwani moto wa mfinyanzi ulimwaga akiba yote na hesabu ikaanza upya siku ile.

Sasa kuna mwanga wa pili, na hapa wengi huuchanganya na ule wa kwanza. Chukua rubi ya Longido, kaskazini mwa Tanzania, ile inayokaa ndani ya madini ya kijani yaitwayo zoisaiti, uimulike kwa taa ya urujuanimno. Kromiamu iliyomo hutoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 694. Hapo hakuna akiba. Taa ikizimwa, mwanga nao umekwisha. Tena joto huuvunja nguvu: atomu zikitikisika sana, nishati huishia kuwa joto kabla haijawa mwanga. Rubi ikizamishwa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, mistari ya mwanga wake, ile ionekanayo mwanga ukitawanywa kwa rangi, huwa myembamba na kusogea kidogo upande wa mawimbi mafupi. Msogeo huo hufuata joto kwa utaratibu kiasi kwamba wanafizikia hutumia rubi kama kipimajoto. Na ikirudi kwenye joto la kawaida, mwanga wake hurudi ulivyokuwa.

Kwa hiyo broka wa vito akikuonyesha jiwe "linalowaka" kwenye moto, amekuonyesha kasoro na mionzi, hajakuonyesha thamani. Wala usipashe kito ili kukijaribu, kwani rangi yaweza kubadilika na jiwe likapasuka. Fluoraiti nayo hupasuka kwa kuruka vipande. Anayetaka kuiona iking'aa atumie chembe ndogo kama za sukari, avae miwani ya kinga na awe mahali penye hewa. Jiko la mkaa aliache, maana wekundu wa makaa utamficha kila kitu.