Mwaka wa mwisho kabla ya ubingwa wa upasuaji Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila ifikapo Mei simu zinaanza. Ni vijana wetu wanaosoma udaktari Marekani, wengine wametoka Tanga na Bujumbura, wengine wamezaliwa hukohuko. Wamemaliza mwaka wa tatu, wanataka upasuaji, na wote wanauliza jambo moja: mwaka wa nne niupangeje? Nikiwasikiliza naona tatizo si uvivu. Wamebeba maneno ya waliowatangulia, na mengi yamepitwa na wakati au hayakuwa kweli tangu mwanzo.

"Mwaka wa nne ni wa kupumua."

Kupumua kupo, ila hakuko mwanzoni. Maombi hupitia ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kuomba nafasi za ubingwa, na programu za ubingwa, yaani hospitali zinazofundisha mabingwa, huanza kuyasoma mwishoni mwa Septemba. Katika vyuo vingi mwaka wa nne huanza kati ya Mei na Julai. Hesabu mwenyewe: una kama miezi mitatu hadi mitano ya kufanya karibu kila kitu kitakachosomwa kwenye faili lako. Ndiyo maana kalenda hii hupangwa kinyumenyume. Weka kidole mwishoni mwa Septemba, kisha rudi nyuma. Mtihani wa Step 2 CK, wa pili katika mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, ufanye Julai, ukichelewa sana mwanzoni mwa Agosti, kwa sababu matokeo huchukua wiki 2 hadi 4. Mtihani huo umepewa uzito zaidi na wasomaji wa maombi tangu 26 Januari 2022, Step 1, yaani ule wa kwanza, ilipoacha kutoa alama na kubaki kufaulu au kufeli tu. Zamu yako kuu ya upasuaji, yaani wiki kadhaa za mafunzo wodini, iwe kabla ya Agosti, ili atakayekuandikia barua asiandike akiwa anakimbizana na siku. Novemba na Desemba zijazie masomo mepesi, maana hapo ndipo usaili unapobana, hata kama siku hizi mwingi hufanyika kwa video.

"Wanaangalia mikono. Jifunze kufunga fundo."

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu nimeona wanafunzi wazuri wakilipoteza jua la kiangazi kizima wakifunga nyuzi kwenye mguu wa kiti. Fundo jifunze, ni adabu ya kazi. Lakini hakuna anayetarajia mwanafunzi aende thieta na mikono ya bingwa. Mikono hiyo utapewa miaka isiyopungua 5 kuitengeneza, na ukichagua upasuaji wa ubongo ni 7.

Kwenye ile zamu ya wiki 4 ambayo mwanafunzi hufanya kazi kama daktari tarajali, kinachoangaliwa kiko wodini saa kumi na moja alfajiri, kabla ya raundi. Mgonjwa wa kitanda cha tatu, aliyekatwa utumbo juzi, mrija wake umetoa mililita ngapi tangu jana, na ni maji ya rangi gani? Mkojo umefika nusu mililita kwa kila kilo kwa saa? Ametoa upepo? Swali hilo la upepo huwachekesha wageni, lakini kwa mpasuaji ni habari njema kwamba utumbo umeamka. Mwanafunzi anayejibu haya bila kupekua karatasi, na asipojua akasema "sijui, naenda kuangalia" kisha akarudi kweli na jibu, huyo anakumbukwa. Aliyebuni namba hukumbukwa pia, na hatoki tena kwenye shimo hilo. Barua yako huandikwa kutokana na alfajiri hizo.

"Barua tafuta kwa mwenye jina kubwa."

ERAS inaruhusu barua zisizozidi 4 kwa kila programu. Nyingi za upasuaji hutaka moja iwe ya mkuu wa idara, sawa. Ila mkuu wa idara mara nyingi amekutana nawe nusu saa ofisini. Anachoandika amekipata kwa wenzake waliokuona ukifanya kazi. Zinazobaki ziombe kwa waliosimama nawe mezani na wodini. Uliza wazi: "Daktari, unaweza kuniandikia barua yenye nguvu?" Akisitasita, mshukuru na uende kwa mwingine. Jina kubwa lenye mistari mitatu ya jumla halikusaidii kitu.

"Nenda zamu za ugenini nyingi uwezavyo."

Inategemea unachoomba. Kwa upasuaji wa mifupa na wa ubongo, zamu hizo kwenye hospitali nyingine zinatarajiwa. Kwa upasuaji wa jumla moja yaweza kutosha, na wapo wanaopata nafasi bila hata hiyo. Kila zamu ni usaili wa mwezi mzima, na nauli na pango unalipa mwenyewe. Nenda pale ambapo ungefurahi kuishi miaka 5, baada ya kufanya zamu kama hiyo chuoni kwako, ili makosa ya kwanza uyafanyie nyumbani.

Kwa mnaosoma Muhimbili, Nairobi au Kampala na mna ndoto hii, hapa pana jambo la haraka. Nafasi ya kumgusa mgonjwa Marekani hutolewa kwa mwanafunzi. Ukishahitimu, mara nyingi utaruhusiwa kusimama pembeni na kutazama tu. Mwezi wako wa mafunzo ya hiari, ule unaochagua mwenyewe pa kwenda, uombe mapema, ukiwa bado una kitambulisho cha chuo. Na kabla ya kuanza ubingwa utahitaji cheti cha ECFMG, kinachotolewa kwa waliosomea udaktari nje ya Marekani.

"Usiweke hospitali kubwa juu ya orodha, utachoma nafasi."

Si kweli, na imewagharimu watu. Orodha ni ile unayopanga baada ya usaili, programu unayoipenda zaidi ikiwa juu; nazo programu hupanga waombaji vivyo hivyo. Mfumo wa kuoanisha waombaji na programu uko chini ya NRMP, ulioanzishwa mwaka 1952, na kanuni inayotumika tangu 1998 ilisukwa upya na Alvin Roth na Elliott Peranson. Roth ndiye aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley. Kompyuta huanza na wewe: inajaribu chaguo lako la kwanza. Pakikukataa, inashuka hadi la pili, na huko hupoteza chochote kwa kuchelewa kufika. Anayekushinda ni yule tu ambaye programu yenyewe imempanga juu yako. Kwa hiyo panga kwa moyo wako.

Tahadhari moja: kwenye upasuaji kuna nafasi kamili ya miaka 5 na kuna nafasi ya mwaka 1 isiyo na ahadi ya kuendelea. Soma kila mstari wa orodha kabla ya kuithibitisha, kwa sababu matokeo yanakufunga kama mkataba.

"Chukua miezi yote ya upasuaji, waone una nia."

Nia wameshaiona. Chukua mwezi mmoja wa wagonjwa mahututi, mwingine wa picha za eksirei na CT, na wa dawa za usingizi ukiweza. Usiku wa kwanza ukiitwa kwa mgonjwa ambaye presha imeshuka, utaokolewa na mwezi ule wa mahututi.

Jumatatu ya wiki ya tatu ya Machi utaambiwa kama umepata, Ijumaa utaambiwa wapi. Hapo ndipo penye kupumua. Hudhuria mafunzo ya maandalizi chuo kikiyatoa, kisha kata tiketi uende nyumbani. Kazi inaanza karibu na 1 Julai, na kikomo cha saa 80 kwa wiki kinahesabiwa kwa wastani wa wiki 4, kwa hiyo zipo wiki zitakazozidi. Mama yako atakuwa anapiga simu na wewe uko thieta. Kaa naye Aprili.