Msimu mtulivu wa vimbunga: mtulivu kwa nani?

Kila ikifika Agosti, kwenye magrupu ya WhatsApp yenye ndugu zetu walioko Houston, Florida na kwingineko kusini mwa Marekani, hurudi maneno yale yale: "Mwaka huu wamesema msimu ni mtulivu, kwa hiyo hakuna kimbunga." Kimbunga kikija, wale wale wanageuka: "Si walisema msimu mtulivu? Watabiri hawa waongo tu." Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja, ngoja niandike mara moja.

Msimu wa vimbunga wa Atlantiki huanza Juni 1 na kwisha Novemba 30. Dhoruba ya kitropiki hupewa jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa, na ukifika 119 inapanda daraja na kuitwa kimbunga. Wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020 ni dhoruba 14 zenye majina kwa msimu, 7 kati yake vikiwa vimbunga, na 3 kati ya hivyo vimbunga vikubwa, yaani vya daraja la tatu hadi la tano. Kuna pia kipimo cha nguvu: kasi ya upepo wa kila dhoruba huchukuliwa kila baada ya saa sita, inazidishwa kwa yenyewe, kisha yote yanajumlishwa. Jumla ikiwa chini sana ya kawaida, msimu unaitwa mtulivu. Basi, hakuna zaidi.

Ila hesabu hiyo inaacha nje mambo mengi. Mvua haimo. Mafuriko hayamo. Nchi kavu nayo haimo: kimbunga kilichozunguka katikati ya bahari kikafia huko bila kumlowesha mtu kinaingia kwenye jumla sawasawa na kile kilichobomoa mji. Isitoshe, hesabu ni ya Atlantiki Kaskazini yote pamoja na Karibi na Ghuba ya Mexico, eneo ambalo ukiliweka juu ya ramani ya Afrika litafunika bara zima. Ni kama kumwambia mtu kwamba ajali zimepungua nchini mwaka huu. Habari njema kwa kamanda wa usalama barabarani, lakini aliyepanda basi lililopinduka haimsaidii.

Mfano ninaopenda kuutoa ni mwaka 2015, kwa sababu mwaka ule watabiri hawakukosea hata kidogo. Mwishoni mwa Mei, idara ya bahari na anga ya Marekani, NOAA, ilisema uwezekano wa msimu kuwa chini ya kawaida ni asilimia 70. Ikataja dhoruba 6 hadi 11 zenye majina, vimbunga 3 hadi 6, na vikubwa visivyozidi 2. Msimu ukaisha na dhoruba 11, vimbunga 4, vikubwa 2. Ungetaka wakupatie vipi tena?

Sababu yao ilikuwa El Niño, na ile ya mwaka 2015 ilikuwa kali. Maji ya Pasifiki yakipata joto namna ile, upepo wa juu angani juu ya Karibi huvuma kwa nguvu kutoka magharibi, wakati ule wa chini unatoka mashariki kama kawaida yake. Dhoruba haipendi hali hiyo. Inahitaji kusimama wima ili mawingu yake yakae juu ya kitovu. Ikivutwa huku juu na kule chini, inapinda, inachanika, inashindwa kukua.

Mwishoni mwa Agosti ikatokea dhoruba iliyopewa jina Erika. Ilikuwa dhaifu kweli: upepo wake haukuzidi kilomita 85 kwa saa, na haikuwahi kufika daraja la kimbunga. Kitovu chake hakikupita hata juu ya Dominica, kisiwa kidogo cha Karibi chenye milima mirefu na mito mifupi. Lakini ule upepo wa juu ulikuwa umeyasukuma mawingu kando ya kitovu, na mawingu hayo yakatua juu ya milima ya kisiwa asubuhi ya Agosti 27. Kwenye uwanja wa ndege wa Canefield zilipimwa zaidi ya milimita 300 za mvua ndani ya saa chache. Mito ikashuka na magogo na mawe makubwa, yakaziba chini ya madaraja, maji yakatafuta njia kwenye barabara na majumba. Uwanja mkubwa wa ndege, Douglas-Charles, ukajaa tope. Kijiji cha Petite Savanne upande wa kusini-mashariki, kilichojulikana kwa mafuta yanayokamuliwa kutoka majani ya mti uitwao kwa Kiingereza "bay", kiliporomokewa na udongo kiasi kwamba wakazi walihamishwa wote na baadaye wakajengewa makazi mapya Bellevue Chopin. Watu wapatao 30 walikufa kisiwani. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 483, karibu asilimia 90 ya pato la taifa la mwaka mzima.

Kwenye kile kipimo cha nguvu Erika karibu haionekani, maana upepo wake ulikuwa mdogo. Na hapa ndipo ninapoudhika zaidi, mtu akisema "ni dhoruba tu, si kimbunga." Daraja linapima upepo. Wengi wanaokufa hawauawi na upepo, wanauawa na maji. Jina la Erika lilistaafishwa, yaani halitapewa dhoruba nyingine tena, heshima ambayo kwa kawaida huwekewa vimbunga vilivyoleta maafa makubwa. Kabla yake Allison ya mwaka 2001, iliyoizamisha Houston, nayo ilistaafishwa jina bila kuwahi kuwa kimbunga.

Msimu ule ule "mtulivu" ulikuwa na mengine. Agosti 31 kimbunga Fred kilipiga Cabo Verde, jambo ambalo visiwa hivyo havikuwa vimeliona tangu 1892. Oktoba 1, meli ya mizigo El Faro, iliyokuwa ikitoka Jacksonville kwenda San Juan, ilizama karibu na Bahamas ndani ya kimbunga Joaquin na watu wote 33 waliokuwamo. Siku zile zile unyevunyevu wa Joaquin uliongezea mvua iliyoifurikisha Carolina Kusini, ingawa kimbunga chenyewe hakikukanyaga Marekani.

Wazee wa Florida nao watakutajia 1992. Mwaka ule dhoruba zenye majina zilikuwa 6 tu, na ya kwanza ilichelewa hadi katikati ya Agosti. Hiyo ya kwanza ndiyo Andrew, iliyoifyeka Homestead Agosti 24 na ambayo miaka kumi baadaye, vipimo vilipochambuliwa upya, ilipandishwa daraja la tano, la juu kabisa.

Na kwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki kuna jambo la kuongeza. El Niño ile ile inayoituliza Atlantiki, kwetu mara nyingi huongeza mvua za vuli. Mwaka 1997 Atlantiki ilikuwa kimya, huku Kenya na Tanzania barabara na madaraja yakisombwa hadi mwanzoni mwa 1998. Kwa hiyo ukisoma habari ya "msimu mtulivu" kwenye gazeti la nje, angalia kwanza ni bahari gani. Bahari ya Hindi kusini-magharibi ina msimu wake, hasa Novemba hadi Aprili, na hata huo haufuati kalenda kwa nidhamu: kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia Mei 4, 2024.

Basi ndugu yako akikuandikia kwamba mwaka huu msimu ni mtulivu, usimbishie, huenda ni kweli. Mkumbushe tu kwamba utabiri wa msimu, unaotoka Mei na kuhuishwa Agosti, unahesabu dhoruba za bahari nzima. Unaohusu mtaa wake ni ule wa kituo cha vimbunga cha Miami, unaotoka kila baada ya saa sita dhoruba ikishazaliwa. Na kama anasubiri kwanza auone huo wa pili ndipo akate bima ya mafuriko, mwambie kwamba bima ya kawaida ya nyumba kule hailipi mafuriko, na ile ya mpango wa serikali, kwa kawaida, huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua.